Tarehe tano mwezi wa sita, au tarehe sita mwezi wa tano?

Hapa Bunia unaweza kukutana na namna tatu za kuandika tarehe kabla ya saa sita mchana. Ofisi ya serikali inaandika kwa Kifaransa. Mfanyabiashara aliyerudi kutoka Arua au Kampala anakuonyesha risiti ya Kiingereza cha Uganda. Shirika lenye makao makuu Marekani linatuma orodha iliyopangwa na kompyuta ya huko. Sisi wa redio tunazipokea zote, tunazigeuza katika Kiswahili, kisha tunazisoma hewani.

Vijana wengi wananiuliza jinsi ya kuandika na kutamka tarehe kwa Kiingereza, hasa wale wanaotafuta kazi au nafasi ya masomo. Wanadhani ni jambo dogo la daftari la shule. Mimi naona ni jambo kubwa, kwa sababu katika jimbo letu la Ituri tarehe ndiyo inayosema nani ana haki ya posho, nani ametimiza umri, nani alikuwepo na nani hakuwepo. Ndiyo maana nimeamua kuandika hapa kwa urefu kidogo.

Tatizo liko wapi

Chukua namba hizi: 05/06/2024. Mkongomani anasoma tarehe tano mwezi wa sita. Mganda anasoma vilevile, kwa kuwa Uganda ilirithi desturi ya Uingereza, ambayo hutanguliza siku, ikafuata mwezi, halafu mwaka. Kwa hapo Kifaransa chetu na Kiingereza cha jirani zetu vinapatana. Lakini Mmarekani hutanguliza mwezi. Yeye akiziona namba hizo hizo anasoma tarehe sita mwezi wa tano. Kati ya siku hizo mbili kuna mwezi mzima.

Kijana mmoja wa avenue yetu alipatwa na jambo hili. Alizaliwa tarehe saba mwezi wa nne. Baada ya kufaulu mtihani wa serikali alijaza fomu ya masomo ya nje kwenye intaneti, fomu ya Kiingereza iliyoomba mwezi kwanza. Yeye akaandika 07/04 kama alivyofundishwa tangu shule ya msingi. Kompyuta ilipokea bila kulalamika, ikamwandika mtoto wa mwezi wa saba, tarehe nne. Pasipoti yake ilisema mwezi wa nne. Wenye fomu wakaona watu wawili katika faili moja. Ikabidi atafute upya karatasi ya kuzaliwa, aitafsirishe, aipige mihuri, alipe kila dirisha. Karatasi zilipokamilika, mwaka wa masomo ulikuwa umeshaanza.

Rafiki yake alijaza fomu ileile. Huyo alizaliwa tarehe 25. Alipoandika 25 mahali pa mwezi, kompyuta ilikataa papo hapo, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Akashtuka, akasoma tena maelezo, akasahihisha. Kwa hiyo tarehe kubwa hujilinda yenyewe. Hatari iko katika tarehe ndogo, tangu moja mpaka kumi na mbili, kwa sababu kila moja inaweza kujifanya mwezi.

Nimepiga hesabu. Kila mwezi una siku 12 za namna hiyo, na kwa miezi 12 zinakuwa 144. Ondoa zile ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 1/1 au 2/2, maana hizo hata ukizigeuza hazibadiliki. Zinabaki siku 132. Zaidi ya theluthi moja ya mwaka inaweza kusomwa kwa njia mbili, na zote mbili zikaonekana za kweli.

Tarehe zetu wenyewe zikigeuzwa

Tusiende mbali. Utawala wa kijeshi, ule tunaouita état de siège, ulianza kutumika Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021. Ukiandika 06/05/2021, msomaji wa Marekani ataweka mwanzo wake tarehe 5 Juni. Ebola iliyoanzia Kivu ya Kaskazini ikatufikia hadi Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Ukiandika 01/08/2018, mwingine atasoma tarehe 8 Januari, na kuuliza kwa nini watu walinyamaza karibu miezi saba. Thomas Lubanga alihukumiwa kifungo cha miaka 14 kule La Haye tarehe 10 Julai 2012. Geuza namba, hukumu inahamia mwezi wa kumi.

Shambulio la Bogoro, kwenye barabara ya kutoka Bunia kwenda Kasenyi, lilitokea tarehe 24 Februari 2003. Hiyo hakuna atakayeigeuza, kwa sababu ya ile 24. Lakini hatuwezi kutegemea bahati ya namba.

Kesi ya Lubanga inanipa mfano mwingine ambao ni mzito zaidi. Alishitakiwa kwa kuandikisha na kutumia vitani watoto wasiotimiza miaka 15, na kipindi kilichotajwa katika mashitaka ni kuanzia tarehe 1 Septemba 2002 hadi tarehe 13 Agosti 2003. Majaji walitumia muda mwingi juu ya swali moja: mtoto huyu alikuwa na miaka mingapi? Sisi tunaotoka hapa tunajua ugumu wa swali hilo. Wengi walizaliwa mbali na ofisi ya serikali, karatasi nyingine zilichomeka pamoja na nyumba, nyingine ziliandikwa miaka mingi baadaye kwa kukumbuka tu.

Sasa fikiria mtoto ambaye karatasi yake inasema 03/11/1987. Huu ni mfano wangu wa hesabu, si wa mtu fulani. Ukisoma kwa desturi yetu, alizaliwa tarehe tatu mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo mwanzoni mwa Septemba 2002 bado alikuwa na miaka 14. Ukisoma kwa desturi ya Marekani, alizaliwa tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, na siku hiyohiyo ya Septemba alikuwa ameshatimiza 15. Mtoto ni yuleyule na karatasi ni ileile. Kwa usomaji mmoja sheria inamtambua kama mtoto aliyeingizwa vitani, kwa usomaji mwingine inampita.

Mahakama ile inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Ukitazama hati zake za Kiingereza, utaona tarehe ya hukumu ya Lubanga imeandikwa 14 March 2012, mwezi kwa jina. Wanasheria hawakufanya hivyo kwa kupenda urembo. Neno March haliwezi kusomwa kama siku.

Kiswahili chetu kinajua dawa

Sikiliza mama wa sokoni akikupa miadi: "Rudi tarehe tano mwezi ya sita." Hata asiyesoma hawezi kukosea hapo, kwa sababu kila namba imeitwa kwa kazi yake. Tano ameiita tarehe, sita ameiita mwezi. Unaweza hata kugeuza, useme "mwezi ya sita tarehe tano", na maana haibadiliki. Shida inaanza tunapoacha maneno na kubakiza namba peke yake na vijiti katikati.

Kiingereza nacho kina dawa yake. Kinaita mwezi kwa jina, na siku kinaipa mkia wa kuonyesha kwamba ni ya ngapi. Yaani hakisemi siku tano, kinasema ya tano. Hapo ndipo wanafunzi wetu waliozoea Kifaransa wanapata shida. Kifaransa kinasema "le premier mai" kwa siku ya kwanza tu, kisha kinaendelea na namba za kawaida: "le deux mai, le trois mai". Kiingereza hakirudi kwenye namba za kawaida hadi mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo jifunze hivi. Siku ya kwanza ni "first", ya pili ni "second", ya tatu ni "third". Kuanzia ya nne, karibu zote zinaishia na sauti ya th: "fourth, fifth, sixth", mpaka "twentieth". Ukifika 21, 22 na 23, zile tatu za mwanzo zinarudi: "twenty-first, twenty-second, twenty-third". Vilevile 31 ni "thirty-first". Ukitaka kuandika kwa kifupi, mkia unafuata sauti: 1st, 2nd, 3rd, 4th, kisha 21st, 22nd, 23rd, 31st. Angalia vizuri 11, 12 na 13. Hizo hazifuati kundi la kwanza, zinaandikwa 11th, 12th na 13th.

Katika maandishi, Mwingereza na Mganda wanaandika 5 June 2024. Wanaposoma wanaongeza maneno mawili ambayo hayakuandikwa: "the fifth of June". Mmarekani anaandika June 5, 2024, na alama ya mkato kabla ya mwaka, na anasoma "June fifth". Kumbuka shambulio la New York la mwaka 2001. Wamarekani wanaliita kwa namba 9/11, yaani mwezi wa tisa, tarehe kumi na moja. Kwa mwandiko wetu ingekuwa 11/9, na aliyezoea mwandiko wetu tu angeweza kudhani lilitokea mwezi wa kumi na moja.

Jambo jingine dogo: kwa Kiingereza jina la mwezi na jina la siku huanza na herufi kubwa. Kifaransa huandika juin na lundi kwa herufi ndogo. Katika barua ya kuomba kazi, herufi hiyo moja inaonyesha kama ulijifunza lugha au ulitafsiri tu.

Mwaka nao una namna yake. Mwaka wa uhuru wetu, 1960, unagawanywa katikati: "nineteen sixty". Mwaka 2003 husomwa "two thousand and three", na Wamarekani wengi huiacha ile "and". Mwaka 2022 kwa kawaida ni "twenty twenty-two". Mtu aliyezoea "deux mille vingt-deux" anaposikia hivyo kwa mara ya kwanza anaandika 20 na 22, kisha anasubiri mwaka utajwe.

Mitego ya masikio

Sisi tunapokea habari nyingi kwa simu, na mtandao wa simu huku unakatika. Kuna maneno ya Kiingereza ambayo laini mbaya inayachanganya. La kwanza ni "thirteenth" na "thirtieth", yaani tarehe 13 na tarehe 30. La pili ni "Tuesday" na "Thursday", yaani Jumanne na Alhamisi. Kwa mitego hiyo kuna njia rahisi. Muombe mtu ataje tarakimu moja moja, "one three" au "three zero", kisha mrudishie siku ya juma pamoja na tarehe. Siku ya juma ni shahidi wa pili: kama tarehe na siku hazipatani kwenye kalenda, kuna kosa mahali fulani, na ni afadhali kulijua kabla ya taarifa ya habari.

Lakini hata siku za juma zina mtego wake, na huo ni wa kwetu Waswahili wenyewe. Kiswahili cha Tanzania, Kenya na vitabu huanza kuhesabu Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ni "lundi" na Jumatano ni "mercredi". Sisi wa Bunia kwa kawaida tunahesabu kuanzia "lundi": siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, mpaka siku ya tano, kisha siku ya posho, neno lililobaki tangu enzi ambazo wafanyakazi walipewa posho mwisho wa juma. Basi mgeni aliyejifunza Kiswahili Nairobi akitangaza mkutano Jumatatu, mkaaji mmoja anashika ile "tatu" na kuja siku ya tatu, yaani "mercredi". Akitangaza Jumatano, mwingine anashika "tano" na kuja "vendredi". Mimi ninapogeuza tangazo la Kiingereza lenye "Wednesday", hewani nasema vyote viwili: Jumatano, siku ya tatu ya juma. Wasikilizaji wa vijijini hawachoki kusikia mara mbili. Kinachowachosha ni kutembea bure.

Usiku ni wa tarehe gani?

Mambo mengi mabaya ya jimbo letu yametokea usiku, na usiku una tarehe mbili. Shambulio la kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, katika eneo la Djugu, lilitokea usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 2022. Watu wapatao 60 waliuawa. Kiswahili kina neno zuri hapo, "kuamkia", na Kifaransa kina namna yake ya kutaja siku zote mbili. Kwa Kiingereza andika "on the night of 1 to 2 February 2022". Ukiandika "on 1 February" na mwenzako akaandika "on 2 February", mtu aliye mbali anaweza kuhesabu mashambulio mawili na wafu mara mbili. Na ukiandika 1/2 kwa namba tu, mwingine ataitafuta habari hiyo tarehe 2 Januari asiione, kisha aseme haikutokea. Waliokufa wana haki angalau ya tarehe yao.

Tukumbuke pia kwamba Uganda iko mbele yetu kwa saa moja. Simu ikipigwa kutoka Hoima saa sita na nusu usiku kwao, huku Bunia bado ni saa tano na nusu, na bado ni tarehe ya jana. Mtu akisema "today", muulize yuko upande gani wa Ziwa Albert.

Neno dogo mbele ya tarehe

Kabla ya kumaliza, tazama maneno madogo yanayotangulia tarehe za Kiingereza. Siku hutanguliwa na "on": "on Monday, on 5 June". Mwezi au mwaka peke yake hutanguliwa na "in": "in June, in 2003". Hayo ukikosea watakuelewa tu. Yanayouma ni mengine. "By 5 June" maana yake ni kabla tarehe tano haijaisha, na tarehe tano yenyewe imo. "Before 5 June" maana yake tarehe tano imeshachelewa, mwisho ni tarehe nne. "From 5 June" ni mwanzo, si mwisho. Nimeona watu wamebeba faili zao hadi mlangoni siku ambayo mlango ulifungwa jana yake, kwa sababu mtafsiri aliona tarehe tu, hakuona neno.

Tufanye nini

Kwanza, tuandike mwezi kwa jina. 5 June 2024 kwa Kiingereza, 5 juin 2024 kwa Kifaransa, 5 Juni 2024 kwa Kiswahili. Inaongeza herufi chache tu.

Pili, mkijaza fomu ya Kiingereza, tafuteni herufi ndogo karibu na kisanduku. DD ni siku, MM ni mwezi, YYYY ni mwaka. Fuata mpangilio wa fomu, usifuate wa shule yako.

Tatu, ninyi mnaotunza orodha kwenye kompyuta, jueni kwamba programu za majedwali zilizowekwa kwa Kiingereza cha Marekani husoma 06/05 kama tarehe tano Juni bila kuuliza, na 13/05 huiacha kama maandishi ya kawaida. Orodha moja inabaki na tarehe zilizogeuzwa na ambazo hazikugeuzwa, zimechanganyika. Kama ni lazima kutumia namba tupu, kuna mpangilio wa kimataifa unaoitwa ISO 8601, unaoanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku: 2024-06-05. Hata mafaili yakipangwa kwa namba hizo yanafuatana kwa mpangilio wa siku.

Nne, ombi kwa mashirika na ofisi zinazobandika matangazo ya posho, ya chanjo na ya kuandikisha wakimbizi: msibandike 05/06 peke yake. Mama aliyetoka Djugu na mtoto mgongoni hana njia ya kujua kompyuta yenu ilinunuliwa nchi gani. Mwandikieni kama anavyosema mwenyewe: tarehe tano, mwezi wa sita. Na akija na jetoni yenye namba tupu, msomeeni kwa sauti, kisha mwambieni arudie.